Jinsi ya kutafuta tukio kwenye rekodi za CCTV bila kukesha mbele ya skrini

Watu wengi siku hizi wana kamera, dukani, nyumbani, mpaka kwenye banda la kuku, ila siku kitu kikipotea ndo wanagundua kumbe kuangalia laivu na kutafuta rekodi ni kazi mbili tofauti. Mtu anafungua kamera zote nane kwa pamoja, anaanza kuplei toka alipofunga duka, anasema leo nakaa hapa mpaka nimuone, baada ya muda kasinzia na mwizi kapita zake. Hapa naelezea namna ya kulifikia tukio haraka. Mifano mingi itakuwa ya Hikvision kwasababu ndo zimejaa mitaani, Dahua nitazigusa, na zile DVR (mashine inayorekodi picha za kamera) zisizo na jina nazo, mantiki ni ileile ni vitufe tu vinahama.

Kabla hujafungua programu yoyote jua kwanza una siku ngapi mkononi. DVR haihifadhi milele, diski ikijaa inaanza kufuta za zamani yenyewe na kuandika mpya juu yake, haikuulizi. Hesabu yake si ngumu: kamera moja ya 2MP ikiwa imewekwa kasi ya data ya 2 Mbps inakula MB 900 kwa lisaa, yaani GB 21.6 kwa siku, kamera nne ni GB 86 na kitu, kwahiyo diski ya TB 1 inakupa siku 11 hivi ikiwa inarekodi muda wote. Ukiwa na kamera nane gawa kwa mbili, hata siku 6 hazifiki. Sasa mtu anakuja kwa fundi wiki mbili baada ya tukio eti alikuwa anafanya uchunguzi wa kimyakimya kwanza, hapo hakuna programu itakayokusaidia. Kama unaona siku zinakaribia kuisha na huna muda wa kukaa kutafuta leo, DVR nyingi za Hikvision zina alama ya kufuli kwenye rekodi, unalifunga lile faili la muda unaouhisi lisifutwe. Ikishindikana kabisa zima mashine kupitia menyu (sio kuchomoa waya ukutani) mpaka utakapokuwa tayari, bora ukose kurekodi siku moja kuliko kupoteza ile unayoitafuta.

Sasa saa. Hapa ndo watu wengi wanapotelea, nitakaa hapa kidogo.

Sisi tunahesabu saa kuanzia jua linapochomoza, DVR inahesabu kuanzia katikati ya usiku na inatumia mfumo wa masaa 24. Mlinzi akikwambia "jana usiku saa nane nilisikia kishindo", wewe ukienda kufungua tarehe ya jana saa 8 hutaona chochote, maana saa nane usiku kwenye mashine ni 02:00, na 02:00 hiyo iko kwenye tarehe ya LEO sio ya jana. Tarehe ya DVR inageuka saa sita usiku, yeye mlinzi kichwani kwake usiku mzima ni wa jana. Kwahiyo tukio la usiku wa kuamkia Ijumaa likiwa kabla ya saa sita unafungua Alhamisi, likiwa baada ya saa sita unafungua Ijumaa. Kanuni ya haraka: kuanzia saa moja asubuhi mpaka saa kumi na mbili jioni ongeza sita, saa kumi jioni ni 16:00. Saa moja usiku ni 19:00, saa tano usiku ni 23:00, saa sita usiku ni 00:00, na kuanzia saa saba usiku unatoa sita, saba inakuwa 01:00, saa kumi alfajiri inakuwa 04:00. Ukiwa unamhoji shahidi muulize saa aliyoiona kwa Kiswahili, afu wewe mwenyewe ndo ubadilishe, ukimwachia yeye abadilishe mtachanganyana wote.

Halafu angalia saa ya mashine yenyewe iko sawa? Fungua laivu, weka simu yako pembeni ya skrini, piga picha moja inayoonyesha saa zote mbili. Simu inachukua saa ya mtandao kwahiyo ndo kipimo chako. Ikiwa DVR iko mbele dakika 7, tukio la saa tatu kamili usiku utalitafuta kwenye 21:07. Ikiwa iko mbele masaa matano kamili basi fundi aliyefunga hakubadilisha ukanda wa saa, imebaki ya China GMT+8 wakati sisi huku ni GMT+3, na hapo hata tarehe inaruka, jambo la saa mbili usiku Alhamisi utalikuta 01:00 Ijumaa. Na ukikuta mashine inasema mwaka 1970 au 2000 ujue kale kabetri kadogo ka ndani, mara nyingi ni CR2032, kamekufa, umeme ukikatika inasahau saa. Rekodi zinaweza kuwepo ila zimekaa kwenye tarehe za ajabu, rudisha kalenda nyuma huko uzitafute. USIREKEBISHE saa sasa hivi! Ukiirudisha nyuma rekodi mpya zinaanza kuingiliana na za zamani na kutafuta kunakuwa balaa, rekebisha ukishamaliza kutoa ushahidi wako.

Kitu kingine cha kukusaidia kupata muda ni meseji za miamala. Mteja kadai kalipa, au mtu kachukua bidhaa na kuonyesha meseji feki, angalia meseji ya M-Pesa au mtandao wowote iliyoingia karibu na muda huo, ina tarehe na saa ya kizungu mpaka dakika. Risiti ya EFD nayo hivyohivyo. Ukipata muamala mmoja ambao una uhakika nao unaenda kuuona kwenye kamera, kama mteja anaonekana kashika simu kaunta dakika tatu kabla ya saa ya kwenye meseji basi umeshajua DVR iko nyuma dakika tatu, na kuanzia hapo kila hesabu inanyooka.

Haya, programu. Unaweza kutafuta palepale kwenye DVR kwa mausi na skrini yake, na kwa kweli kama mashine iko karibu hiyo ndo njia nyepesi. Ila kama DVR imefungiwa stoo juu ya dari huko, au mausi imeshaibiwa, tumia laptopu. Kwa Hikvision ni iVMS-4200, ya bure, ipakue kwenye tovuti yao wenyewe, hizi za kupewa kwenye fleshi na jamaa wa kona siziamini. Ukiifungua mara ya kwanza inaweza kukuambia utengeneze yuza na pasiwedi, hiyo ni ya programu, sio ya DVR, watu wanazichanganya sana hizi mbili afu wanasema DVR imekataa. Unganisha laptopu kwenye ruta ileile iliyoshika DVR, nenda Device Management, chini itakuonyesha mashine ilizoziona kwenye mtandao, chagua yako, weka jina la kuingilia ambalo kawaida ni admin na pasiwedi ya DVR, poti ni 8000. Kuna kiboksi cha kuingiza kamera kwenye grupu, kiweke tiki, usipokiweka utaenda kwenye Remote Playback (sehemu ya kuangalia rekodi) ukute pako patupu na utadhani imegoma.

Dahua wana SmartPSS Lite, poti yao 37777. Zile DVR zisizo na jina nyingi ni za familia ya XMeye, zinatumia programu inayoitwa CMS na poti 34567, muonekano wake unachosha macho ila kazi inafanya. Kwenye simu ni Hik-Connect kwa Hikvision na DMSS kwa Dahua. Simu ni nzuri kwa kuchungulia, kutafuta usiku mzima kwa simu ni kujitesa, kwanza picha inasafiri kwa intaneti ya dukani kwenda nje na intaneti nyingi zetu kasi ya kupandisha ni ndogo, pili bando. Lisaa limoja la kamera moja ni zile MB 900, fanya hesabu mwenyewe.

Ukishaingia Remote Playback chagua kamera MOJA au mbili, sio zote. Chagua ile inayoona kitu chenyewe na ile ya njia ya kuingilia, basi. Laptopu zetu hizi za kawaida zikipewa kamera nane za H.265 (namna ya kubana video) zinaanza kukwama na utalaumu mtandao bure. Fungua kalenda, tarehe zenye rekodi zina alama, chagua tarehe, bonyeza Search, chini utaona mstari wa muda. Kwa Hikvision bluu ni rekodi ya muda wote, rangi nyingine kama nyekundu ni pale ilipohisi tukio. Kwa Dahua kijani ni ya kawaida na njano ni mjongeo. Palipo patupu hapana rekodi. Mstari huo unaweza kuutanua kwa kuzungusha gurudumu la mausi, tanua mpaka uone dakika, ukiubofya ukiwa umebanwa unaruka nusu saa bila kujua.

Sasa kutafuta kwenyewe. Kama kilichopotea ni kitu kinachoonekana kwenye kamera, usiplei kabisa. Ruka katikati, unavyofungua kamusi katikati kutafuta neno. Mfano pikipiki ililala barazani, saa mbili usiku (20:00) ilikuwepo, saa kumi na mbili asubuhi (06:00) haipo. Nenda 01:00. Ipo? Basi imeondoka baada ya hapo, sahau masaa yote ya nyuma. Nenda 03:30, haipo, basi ni kati ya 01:00 na 03:30. Nenda 02:15, haipo. Nenda 01:37, ipo. Unaona inavyobana, masaa kumi ukiyakata hivi mara saba umebakiwa na chini ya dakika tano, hizo sasa ndo unaplei kwa mwendo wa kawaida na macho yote mawili. Hii inafanya kazi kwa tairi, mtungi wa gesi, kufuli lililokatwa, kioo kilichovunjwa, ukuta uliochorwa, gari lililogongwa parking, chochote ambacho kikibadilika kinabaki kimebadilika. Sio programu inayofanya hivi ni wewe na mausi, na bado mi naona ni haraka kuliko vitu vyote vya akili bandia wanavyokuuzia.

Ila haifai kwa hela za droo. Droo inafunguliwa na kufungwa mara mia kwa siku, ukiruka katikati droo imefungwa, haikwambii kitu. Hapo ndo unahitaji kutafuta kwa mjongeo. Kwenye iVMS-4200 kuna VCA Playback, unachora boksi juu ya sehemu unayotaka tu, mfano droo yenyewe, unaiambia itafute mjongeo ndani ya boksi hilo, inakuwekea alama kwenye mstari wa muda na wewe unaruka alama kwa alama. Lazima DVR yako iwe inaiunga mkono, za bei ya chini sana hazina. Chora boksi DOGO, ukichora kubwa kila mteja anayepita anahesabika na umerudi palepale. Kwa kamera au DVR zenye AcuSense unaweza kuchuja watu au magari tu, na Dahua wana ya kwao wanaiita SMD. Usiku hii inaokoa sana kwasababu mjongeo wa kawaida unadanganywa na kila kitu, buibui akifuma mbele ya kamera taa za infraredi zinamulika utando na mstari wako wote unakuwa mwekundu kuanzia magharibi mpaka alfajiri, mvua nayo, wadudu nao. Futa kioo cha kamera mara mojamoja jamani, hata kwa kitambaa kikavu.

Kuhusu mwendo wa kuplei, vijana wanapenda kuweka 16x. Mtu akikatiza mbele ya kamera kwa sekunde nne, kwenye 16x anaonekana robo ya sekunde, ukipepesa tu kapita. Tena mwendo ukiwa mkubwa mashine nyingi zinaruka picha za katikati na kuonyesha chache tu. Kwa uwanja mtupu usiku 8x inavumilika, kwa dukani mchana usizidi 4x. Ukimpata mtu, simamisha, tumia kitufe cha kusogeza picha mojamoja mpaka uso ugeuke, piga picha ya skrini kwa kitufe cha programu chenyewe sio kwa simu. Na kuzumu hakuongezi kitu ambacho kamera haikukinasa, hizo za kwenye muvi za kuzumu mpaka namba ya gari iliyo kilomita moja zisikutie tamaa. Kisha, muda uleule uliomuona ndani, nenda kamera ya geti urudi nyuma dakika kumi na tano, uone kaja na nani, kaja na nini, bodaboda ipi imemsubiri. Kamera ya nje ndo mara nyingi ina sura nzuri zaidi kwasababu huko hakuwa amevaa kofia bado.

Ukikuta muda unaoutaka ni mtupu kabisa usikimbilie kusema mtu kafuta. Kwenye DVR kuna sehemu ya Log, weka tarehe, isome. Itakuonyesha umeme ulikatika lini, mashine ilizimwa ghafla saa ngapi, kamera ipi ilipoteza picha, nani aliingia na kwa jina gani. Mara nyingi utakuta ni umeme tu, au diski ina makosa, au ratiba iliwekwa irekodi mjongeo tu na mjongeo wenyewe haukunaswa. Ila ukikuta kamera zote zimezimika pamoja dakika mbili kabla ya tukio na majirani walikuwa na umeme, hapo una jambo la kuuliza nyumbani kwako.

Kutoa rekodi. Usirekodi skrini kwa simu, nimeona video zilizopelekwa polisi zina kelele za chapati zinakaangwa nyuma. Kwenye Remote Playback kuna alama ya mkasi, Clip, au Download kwa tarehe ambayo unaandika muda wa kuanza na kuisha. Anza dakika mbili kabla na malizia dakika mbili baada, ili mtu asiseme umekata sehemu inayokuumiza. Ukitoa kwa fleshi moja kwa moja kwenye DVR, fleshi nyingi zimefomatiwa FAT32 na hiyo haibebi faili moja linalozidi GB 4, toa vipande vifupi. Dahua inatoa .dav, zisizo na jina zinatoa .h264, hizo kompyuta ya kawaida haizifungui, kwahiyo kwenye kutoa angalia kama kuna chaguo la MP4 au AVI, na pia chukua na ile pleya yao ndogo uiweke kwenye fleshi hiyohiyo. VLC, pleya ya bure, inafungua nyingi. Video ikifunguka sauti tu bila picha, mara nyingi ni H.265 na kompyuta haina kodeki (programu ya kuifungua), jaribu VLC kabla hujasema faili ni bovu.

Ukituma WhatsApp tuma kama dokumenti, sio kama video, ukituma kama video inabanwa na sura inakuwa uji. Na usiimwage kwenye magrupu eti "mtambueni huyu", Tanzania kuna Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya 2022, Kenya ya kwao ni ya 2019, na ukikosea mtu kesi inageuka inakuwa yako. Ipeleke kituoni pamoja na namba ya RB (ya taarifa uliyoandikisha polisi).

Kama unahisi itafika mahakamani, kifungu cha 18 cha Sheria ya Miamala ya Kielektroniki ya 2015 Tanzania kinaangalia kama njia iliyotumika kutengeneza na kutunza ushahidi inaaminika, na Kenya wanadai cheti chini ya kifungu cha 106B cha Sheria ya Ushahidi. Kwahiyo andika karatasi siku ileile: kamera ipi, DVR ya aina gani, saa ya mashine ilikuwa imetofautiana kiasi gani (ile picha ya simu na skrini ndo inaingia hapa), nani alitoa, siku gani, kwa fleshi gani. Kisha kwenye Windows fungua Command Prompt, andika certutil -hashfile ikifuatiwa na jina la faili na SHA256, itakupa herufi na namba 64, ziandike kwenye hiyo karatasi. Faili likiguswa hata sekunde moja namba zinabadilika, likibaki salama zinabaki zilezile hata baada ya miaka. Tunza nakala mbili, moja usiiguse kabisa, na kabla hujaondoka na fleshi ifungue kwenye kompyuta nyingine tofauti na uliyotolea uone inaplei mpaka mwisho.

Hayo yote yakiisha ndo urudi kwenye saa. Weka ukanda GMT+03:00, washa NTP (inachukua saa sahihi mtandaoni yenyewe) kama DVR ina intaneti, badilisha kabetri kama kamekufa, afu subiri dakika kumi na uingie playback ya leo uangalie kama rekodi mpya zinaingia na zimekaa kwenye saa yake.